Asali ya Tabora

Kwa miaka mitatu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikuwa Mnyamwezi. Sikuzaliwa Mnyamwezi. Mimi ni Mkonongo wa Mpanda, na Unyamwezi wangu nilijipa mwenyewe, wiki ya pili ya mwaka wa kwanza, kwa sababu ya karanga.

Ilikuwa mwaka 2010. Tumekaa kwenye vimbweta, wanafunzi saba wa kundi moja la semina, kila mtu anataja kwao. Moshi. Tanga. Bukoba. Ikafika zamu yangu nikasema, "Mpanda, Rukwa." Kimya kidogo, halafu mmoja akaruka: "Rukwa? Si ndo Sumbawanga huko? Oya, huyu msimuudhi, atatupiga radi!"

Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Ningewaambia nini? Kwamba Mpanda na Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200? Kwamba jina lenyewe la Sumbawanga, kwa Kifipa, wenyewe wanalieleza kuwa ni kutupa uchawi, si kuukaribisha? Utani haungoji maelezo. Lakini siku chache baadaye nilinunua karanga, nikazipitisha mezani. Dada mmoja akacheka, akasema, "Za mtu wa Rukwa? Hapana, asante." Alikuwa anatania. Ila karanga hakuzichukua.

Tangu siku hiyo, aliyeniuliza kwetu nilimjibu Tabora. Uongo mwepesi. Kikonongo na Kinyamwezi vinaelekeana, na treni ya kutoka kwetu lazima ipite huko: unaondoka Mpanda, reli inapoishia, unapita Katumba, unavuka mto Ugalla, unafika Kaliua ambako tawi letu linaungana na reli ya Kigoma, halafu Urambo, halafu Tabora. Vituo vyote nilikuwa navijua. Nilichofanya ni kushukia njiani.

Wale wachache waliosikia vizuri siku ya vimbweta walisahau. Chuo kina mambo mengi ya kukumbuka kuliko kwao na mtu.

Mwaka wa pili maisha yalibana. Bumu lilikuwa shilingi 7,500 kwa siku, linatoka kwa mkupuo, na mkupuo una tabia ya kwisha kabla siku hazijaisha. Langu lilikuwa na kazi mbili, maana mdogo wangu alikuwa sekondari na nilikuwa namtumia kidogo. Chumba sikuwa nacho, nilikuwa nabebwa, yaani nalala na rafiki kitanda kimoja hosteli, kichwa changu miguuni kwake. Mchana napiga chai na maandazi, jioni nategea rafiki mwenye moyo.

Sijui baba alijuaje. Mimi kwenye simu nilikuwa nasema, "Mambo mazuri, mzee." Siku moja akanipigia: "Nenda Ubungo, kuna mzigo wako." Nikakuta dumu la lita ishirini, limefungwa kwa kamba ya mpira, limetoka Mpanda kwa treni hadi Tabora, kutoka hapo likapanda basi. Asali. Nyeusi-nyeusi, ya miyombo, ya mizinga yake ya magome anayoitundika porini tangu sijazaliwa.

"Uza," akasema. "Usile yote."

Nikaokota chupa tupu za maji, nikazichemshia maji na kuziosha, nikaanza kuuza chumba kwa chumba, elfu tano kwa nusu lita. Hapo ndipo karanga zikanirudia kichwani. Nani angelamba asali ya Rukwa kama karanga tu za dukani zilikataliwa? Tabora ina jina kwa asali nchi nzima. Mwenzangu wa kitanda, mtaalamu wa kompyuta, akanitengenezea lebo, tukazichapa stesheni ya pale nje: ASALI HALISI YA TABORA. Dumu likaisha ndani ya wiki tatu. Baba akatuma jingine, na jingine.

Mwaka huohuo, 2012, Mpanda ikatolewa Rukwa, ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Nilikuwa nimehamishwa mkoa bila kusogea. Katavi haikuwa na utani wowote bado, ni jina la hifadhi yenye viboko na nyati. Ningeweza kurudi kwetu siku ile kwa heshima zote. Lakini lebo zilikuwa zimebaki kama mia na hamsini, wateja wamezoea, na mimi mwenyewe naitwa Mnyamwezi hadi na mhadhiri.

Baba alikuja kwenye mahafali. Alifika na koti lake la kijivu na dumu dogo mkononi. Nikampeleka chumbani apumzike. Wenzangu wakaingia kumsalimia. "Shikamoo baba Mnyamwezi!"

Akaniangalia. Halafu akawageukia. "Marahaba, wanangu."

Walipotoka akaiona chupa dirishani. Akaichukua, akaisogeza mbali na macho ili asome. "Hii umenunua?"

"Hapana, baba. Ni ile ya kwako."

Akafungua, akamimina tone kwenye kidole, akalamba. Akafunga kifuniko polepole, akairudisha palepale ilipokuwa.

"Basi Tabora wana bahati," akasema.

Hakuniuliza kitu. Siku mbili nzima aliitikia kuitwa Mnyamwezi, akapiga picha na wenzangu, akawaambia karibuni nyumbani bila kutaja nyumbani ni wapi. Mimi nimevaa joho, yeye amebeba uongo wangu. Nimesoma historia miaka mitatu, nimeandika insha juu ya wakoloni waliobadilisha majina ya watu na mahali. Jina la kwetu nililifuta mwenyewe.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Kibaoni. Unatoka Mpanda, unapita Sitalike, unakatiza hifadhi, ndipo unakuta kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine iliyopewa jina la Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa enzi zetu za chuo, mwenyeji wa hukohuko. Kuna vijana pale wanaosoma shahada ya mambo ya nyuki. Nikiwa nasubiri mtu wa kuhojiana naye, kijana mmoja mwenye lafudhi ya Dar alikuwa anaongea na simu: "Mama, mi niko chuo, Katavi. Ka-ta-vi." Alilitamka taratibu, akarudia, mpaka mama yake akalishika.

Jioni nilimpitia baba, nikamweleza. Akacheka sana. "Yaani mtu anapewa digrii ya nyuki?" Akaanza kuhesabu kwa vidole digrii zake mwenyewe, moja kwa kila pori alilotundika mizinga. Halafu akanyamaza, akauliza:

"Na asali yao, wanaiandika ya wapi?"

Sikujua. Nilishinda pale kutwa nzima, nimejaza daftari, na hilo sikuliuliza. Nikamwambia nitarudi nikaangalie.

"Kaangalie," akasema. Akaingia ndani, akanitolea chupa ya safari. Haikuwa na lebo.