Jumla na Sehemu Zake



Kijana mmoja wa mtaa wetu, mhandisi wa kemia aliyesomea Lubumbashi, alituletea siku moja karatasi aliyokuwa ameikunja mara nne. Alikuwa ametoka Lusaka kufanya mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, maana alitamani kusomea Master huko Uingereza, juu ya namna ya kutenganisha shaba na kobalti. Feza za kuvuka Kasumbalesa alipewa na mama yake, muuza unga sokoni. Karatasi ilisema: kusikiliza 7,5, kusoma 7, kuandika 5,5, kusema 6,5. Jumla yake 6,5, na ndiyo iliyoombwa na chuo.

«Papa mwalimu, inatosha?»

Tukamjibu kwamba inatosha, tena tukampongeza mbele ya wenzake.

Tulikosea. Chini ya ile 6,5 chuo kilikuwa kimeandika sharti jingine, kwamba sehemu yoyote isipungue 6. Hatukulisoma. Majuma kadhaa baadaye jibu likaja, la mistari mitatu, nalo lilikuwa hapana.

Tumejiuliza sana kwa nini sisi, tunaowafundisha walimu wa kesho, hatukuliona. Tunadhani sababu ni Mtihani wa Serikali uliotulea sote. Siku nne mwanafunzi hujibu maswali ya utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya tawi lake. Halafu jina lake hutangazwa na asilimia moja tu, au pursa, kama tusemavyo nyumbani. Akifikia 50, mtaa mzima unapakwa unga wa furaha. Ni nani kati ya majirani anayeuliza kama hesabu ndiyo iliyoibeba lugha? Tumezoea kwamba nguvu ya upande mmoja hufunika udhaifu wa upande mwingine, na zoea hilo tukalipeleka mahali ambapo kila upande hupimwa peke yake.

Tena kuna jambo linalotuumiza zaidi. Katika siku zile nne kazi kubwa ni kuchagua jibu lililo sawa kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa. Insha ya Kifaransa ipo, lakini hufanywa kabla, na katika vyumba vingi vya masomo huandaliwa kwa haraka. Basi 5,5 ya kuandika haikutoka katika Kiingereza peke yake. Kijana yule hakuwahi kuzoezwa, kwa lugha yoyote, kujenga hoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu hiyo ya alama ni yetu.

Si kila mlango unafungwa namna moja. Mtihani wa GRE, ulioombwa kwa miaka mingi na vyuo vya Marekani, hutoa alama za lugha na za hesabu mbali mbali, kila moja kati ya 130 na 170. Mara nyingi kitivo cha uhandisi hutazama hesabu kwanza. Tangu mwaka 2020 vyuo vingi vimeacha kuudai. Huko Uingereza vyuo kadhaa hupokea mwenye upungufu mdogo kwa sharti la kusoma kwanza majuma kadhaa ya Kiingereza, ingawa masomo hayo hulipiwa. Na mahali pengine IELTS huruhusu kurudia sehemu moja tu. Hayo yote tuliyajua baada ya jibu kufika, si kabla.

Tulikwenda kwa mama yake kumweleza kwamba shauri lilikuwa letu. Alitusikiliza, akatupatia kiti, akaendelea kupima unga.

Sasa kila Alhamisi jioni kijana huleta ukurasa mmoja aliouandika. Kiingereza chetu ni kidogo, hivyo tunamsahihisha mpangilio wa mawazo, na sarufi anaitafuta kwingine. Ukurasa wa juma lililopita ulikuwa juu ya maji ya mto Panda, nao ulikuwa na hoja tatu zinazofuatana. Nauli ya Lusaka bado haijatimia.