Zimebaki tatu tu: kundi letu la ofa na cherehani ya mwenzetu

Wiki iliyopita kundi letu la WhatsApp lilinunua dazeni nne za soksi za shule, mashuka sita ya rangi moja, hotpoti tatu, mashine mbili za kukaangia chakula bila mafuta, na kapeti moja la manyoya ambalo mwenyewe bado hajapata pa kulitandika. Haikuwa sikukuu wala mwisho wa mwezi. Ilikuwa wiki ya kawaida tu.

Tuko akina mama 41. Wengi tunaishi upande wa Temeke: Mbagala, Chamazi, Mbande, Tandika. Wengine wako upande wa Kinondoni: Tegeta, Boko, Bunju. Tulianza wanane, wazazi wa shule moja ya awali, tukikumbushana tarehe za chanjo na kuulizana mtoto akikataa uji unamfanyaje. Kila mmoja akamwingiza wifi yake, wifi akamwingiza jirani yake. Leo nusu yetu hatujawahi kuonana uso kwa uso. Tunajuana kwa sauti, kwa picha za watoto, na kwa kile ambacho kila mtu amenunua.

Mzazi mwenzangu, kabla hujasema sisi ni watu wa kupenda vitu, ngoja kwanza nikupigie hesabu.

UNAFUU WA KWELI UPO

Kariakoo, bei ya mtu mmoja na bei ya jumla ni vitu viwili tofauti. Soksi za shule duka la mtaani kwetu ni 2,000 kwa pea. Dazeni nzima tuliipata Kariakoo kwa 15,000, yaani 1,250 kwa pea. Lakini mwenye mtoto mmoja atafanya nini na pea 12? Wanne tukichukua tatu tatu, kila mmoja ameokoa 2,250 kabla ya usafiri.

Usafiri nao ndiyo habari yenyewe. Bodaboda ya kuleta mzigo huku Mbagala tunailipa 7,000. Ukiagiza peke yako kitu cha 12,000, usafiri umekula zaidi ya nusu ya bei ya kitu chenyewe. Tukiwa saba kwenye mzigo mmoja, kila mtu anatoa 1,000 na hakuna anayelalamika. Mmoja wetu anafanya kazi karibu na Mtaa wa Kongo, na yeye ndiye macho yetu. Anapita asubuhi, anapiga picha, anaandika bei, anauliza nani yumo.

Ikifika Januari, msaada huu hauna mfano. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za umma hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, begi na madaftari bado viko juu ya mzazi. Wapo kati yetu waliovalisha watoto watatu mwaka huu kwa pesa ambayo zamani ilitosha wawili. Kwa hiyo sitaandika hapa kwamba kununua kwa pamoja ni ujinga. Kumetubeba.

BEI YA KWENYE PICHA SI BEI YOTE

Tukija kwenye ile mashine ya kukaangia bila mafuta, mambo yanabadilika. Bei ya ofa ilikuwa 95,000, na watu saba waliandika majina ndani ya robo saa. Aliyetupunguza kasi ni mume wa mama mapacha, ambaye ni fundi umeme. Alituma sauti ya dakika mbili, akatuwekea hesabu.

Mashine ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo kwa dakika 40 inakula uniti moja ya umeme. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo ya nyumbani hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, ndipo abaki kwenye ile bei ya chini ya LUKU. Hiyo ni wastani wa uniti mbili na nusu kwa siku. Ukikaanga kwa uniti moja kila siku, mwisho wa mwezi ni uniti 30. Friji, taa, pasi, feni na televisheni vigawane 45 zinazobaki. Ukivuka hapo, unanunua umeme kwa bei nyingine kabisa.

Watano wakajitoa. Mama mapacha mwenyewe alibaki, kwa sababu anamtunza mama mkwe aliyekatazwa vyakula vya mafuta na daktari. Kwake kitu hicho ni rahisi hata kwa 95,000. Kwa jirani yake, mwenye friji la biashara ya barafu, ni ghali hata angepewa bure. Kitu ni kimoja na bei ni moja, lakini kila nyumba ina hesabu yake.

FOLENI YA MAMA YANGU

Mama yangu mzazi yuko Tandika, ana miaka zaidi ya 70. Siku akija kwangu, simu inapolia lia kwa ujumbe wa kundi, anacheka na kusema, "Haya, sukari imeingia."

Anakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita na Idi Amin, fedha za kigeni hazipo, na Dar es Salaam ilikuwa haina sukari, sabuni wala kitambaa cha maana. Mwanamke alitembea na kikapu hata kama hana safari ya sokoni. Ukiona foleni unajipanga kwanza. Kinachouzwa utauliza ukiwa umeshapata nafasi. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu wakaogopa hata kukutwa na sabuni nyingi ndani. Kuanzia 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yakaanza kulegezwa, na chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa, maduka yakajaa tena na mitumba ikatandazwa kila kona.

Kwa mama, "ukikiona, kinunue" ilikuwa akili, kwa sababu kesho hakipo. Nasi tumelelewa na watu hao. Muuzaji wa mtandaoni anaijua hofu hiyo vizuri, hata kama yeye mwenyewe amezaliwa juzi. Ndiyo maana anaandika "zimebaki tatu tu", "ofa inaisha saa sita usiku", "ukizubaa utajilaumu". Mimi huandika kwenye daftari kila ofa inayopita kundini. Kati ya Machi na Mei, seti ile ile ya hotpoti ilitangazwa kuwa ya mwisho mara tano. Kariakoo ya leo haina uhaba wa hotpoti.

Sisi watu wa Temeke tulikuwa na msimu wetu wa ofa. Maonesho ya Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa, huanza mwishoni mwa Juni na kumalizika katikati ya Julai. Mtu alitunza kibubu mwaka mzima. Akifika, anakishika kitu, anakigonga, anataka kionyeshwe kinavyofanya kazi. Pesa ya kibubu ikiisha, mnanunua maji ya watoto mnapanda daladala. Siku hizi Sabasaba iko mkononi kila saa, na kibubu hakipati muda wa kujaa.

Lakini mama aliongeza jambo ambalo limenikaa. Alisema habari ya sukari ililetwa na jirani dirishani, kwa kunong'ona, naye alifurahi kabla hata hajaiona hiyo sukari, kwa kuwa kuna mtu amemkumbuka.

CHEREHANI

Mwenzetu mmoja anaishi Mbande. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule na madera hapo barazani kwake. Mumewe ni utingo wa malori yanayokwenda Tunduma, nyumbani anaonekana mara moja kwa mwezi. Mimi nilikijua kicheko chake miaka miwili kabla ya kuijua sura yake. Oda ikipungukiwa mtu mmoja ili tupate bei ya jumla, yeye ndiye aliyeandika, "Mniweke mimi, oda ifungwe." Alipendwa sana kwa hilo.

Aprili akanyamaza. Siku ya tisa mama mapacha akapanda bajaji akaenda kumwangalia. Akakuta baraza tupu.

Alikuwa amekopa 300,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, mikopo ile tunayoiita kausha damu, arudishe 390,000 baada ya mwezi. Dhamana ilikuwa cherehani. Mwezi ulipopita, mkopeshaji akaja na kijana na mkokoteni. Chumbani kulikuwa na vitu 11 vilivyonunuliwa kundini ambavyo havijafunguliwa: mashuka ndani ya nailoni, vikombe ndani ya boksi, pazia lisilo na dirisha la kulitosha.

Mama mapacha alimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Shoga, nikisema sina, mtaacha kunitaja. Nashinda hapa peke yangu na mashine. Nyie ndio watu wangu wa kuongea nao."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko ofa yoyote. Kwake kila oda ilikuwa kama ada ya kubaki kundini. Na sidhani kama ni yeye peke yake. Angalia kwenye simu yako, mzazi mwenzangu: anayeandika "nimo" anapata mioyo na vicheko, na anayepita kimya hakuna anayejua kama kapita kwa hiari au kwa kukosa.

Usiku ule tulizungumza hadi saa tano. Vitu vyake 11 vikanunuliwa na wenzake kwa bei ile ile aliyovinunulia, zikapatikana 214,000. Mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi kwenye taasisi ya mikopo akatueleza kwamba, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Mwenzetu alidaiwa 90,000. Wawili wakaenda naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkopeshaji akaitwa, na leseni hakuwa nayo. Yakaisha kwa 330,000. Pungufu ya 116,000 tulichanga kama mkopo usio na riba, naye anaupunguza kwa kushona sare za watoto wetu. Cherehani ilirudi Jumamosi, kwa mkokoteni ule ule.

Na usidhani kausha damu wako mtaani tu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Ofa na mkopo wa kuilipia vinakaa ndani ya simu moja, hatua chache kutoka kimoja hadi kingine.

TUNAVYOFANYA SASA

Hatukuvunja kundi, wala hatukuacha kununua. Tumebadilisha mambo machache, na huenda yakafaa kwenu.

Neno "napita" ni jibu kamili. Hakuna anayeulizwa kwa nini, na anayeliandika anajibiwa kwa uchangamfu kama aliyenunua.

Oda inalala. Ikitangazwa leo, inafungwa kesho jioni. Mara nyingi nusu ya majina yanaondoka yenyewe ifikapo asubuhi, na bei ya jumla hutusubiri.

Muuzaji tusiyemjua analipwa mzigo ukiwa mkononi. Asipokubali, tunamtakia biashara njema.

Vitu vya shughuli tunaazimana. Kuna orodha ya nani ana masufuria makubwa, nani ana hotpoti za kulisha watu 50, nani ana viti. Kipaimara, ubarikio na maulidi vyote vimeshapita bila mtu kununua kipya.

Na Ijumaa usiku ni marufuku kutangaza bidhaa. Ni usiku wa kusalimiana na kuulizana hali.

Watoto nao wanatusikia kuliko tunavyodhani. Majuzi mwanangu wa miaka saba alinivuta kanga mbele ya duka la Mangi, akanionyesha biskuti huku macho yamemtoka: "Mama, zimebaki mbili tu!" Kopo lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Mangi alicheka, nami nikacheka. Kisha nikampa 500 yake mkononi, nikamwambia ni yake, aamue Jumamosi. Jumamosi alinunua kichongeo, na chenji akaiweka kwenye kibubu.

Juzi zimeletwa picha za vikombe vya chai, vizuri kwelikweli, bei chee. Fundi wetu wa Mbande alikuwa wa kwanza kujibu, kama enzi zile. Aliandika, "Mimi napita, ila nawasalimu wote, leo nimeshona sare nne." Salamu zake zilijibiwa na watu 17, na ilichukua muda kabla ya mtu kukumbuka kuuliza habari ya vikombe.