Bei ya Kukaa Ukingoni na Ndoana

Watu wa wilaya za Ngara na Biharamulo, Tanzania, tunaoishi Ulaya na Marekani tuna lalamiko moja kila inapotajwa burudani ya kuvua samaki: siku hizi ni ghali. Lalamiko hilo ni la kweli. Uingereza, mtu mzima hulipia kibali cha serikali cha karibu pauni 36 kwa mwaka, na kibali hicho hakimpi hata tone la maji ya kuvulia, kwa sababu haki ya kuvua mtoni ni ya mwenye ardhi ya ukingoni au ya chama kilichokodi ukingo huo. Huko nako analipa, kwa siku au kwa msimu. Ujerumani, kwa kawaida mtu hukaa darasani kwanza na kufaulu mtihani, ndipo aruhusiwe kulipia kibali. Juu ya hayo kuna mafuta ya gari, fimbo, rili ya kuzungushia mshipi, na chambo bandia za rangi zote ambazo kila mwaka duka hukuambia zile za mwaka jana zimepitwa na wakati. Lakini ukikaa na hesabu hii vizuri utaona kwamba samaki mwenyewe hana bei humo. Kinacholipiwa ni njia ya kufika majini, na vyombo. Kila nchi inayotaka kulinda samaki wake huweka kizuizi, na vizuizi viko vya aina tatu: fedha, chombo na wakati. Anayeumizwa na kizuizi cha fedha ni mtu mmoja tu, yule asiyenacho. Hivyo viwili vingine tajiri na maskini huvibeba sawa, na ndivyo ambavyo ningependa kwetu vishikwe kabla hatujaiga hicho cha kwanza.

Nchi iliyolielewa jambo hili kuliko zote ninazozifahamu ni Ufini. Kule, mtu mwenye fimbo ya kawaida isiyo na rili, mshipi uliofungwa nchani, boya, ndoana moja na chambo cha asili, anavua bure karibu kila mahali, hata kama maji yana mwenyewe. Wakati wa baridi, ziwa linapoganda, anatoboa tundu kwenye barafu na kuvua bure vilevile. Siku anapoweka rili na chambo bandia, kama ana umri wa kati ya miaka 18 na 69, ndipo anapodaiwa ada ya serikali ya karibu euro 50 kwa mwaka. Sheria haimuulizi ana kipato gani wala anaishi kijiji gani. Inatazama alichoshika mkononi. Uswidi walikwenda mbali zaidi: mwaka 1985 walifungua uvuvi wa fimbo kwa kila mtu kwenye pwani yao na katika maziwa yao makubwa matano, ingawa wenye ardhi walipinga. Nchi hizi zina fedha, zina maofisa, na zina mashine za kukusanya ada kutoka kwa kila raia. Hata hivyo ziliamua kwamba ndoana moja haifai kutozwa.

Sasa tazama fimbo hiyo ya Kifini halafu ukumbuke ya kwetu. Ufito wa mwanzi au tete nene lililokauka vizuri, mshipi wa nailoni wenye urefu unaokaribiana na ufito, kipande cha ndala kuukuu kilichochongwa kikawa boya, chubwi ya risasi au hata kokoto iliyofungwa, ndoana, na nyungunyungu waliochimbwa chini ya migomba, pale ambapo udongo ni mweusi na unyevu haukauki. Ni chombo kilekile. Kambare hupatikana kwa hicho, na perege pia. Tofauti ni kwamba cha Ufini kinalindwa na sheria inayokitaja, na cha kwetu kipo kwa mazoea tu. Mazoea yana nguvu pale yasipoguswa. Yanapoguswa hayana hati ya kujitetea.

Kwa upande wa njia ya kufika majini, kwetu tuna utajiri ambao Mwingereza angeulipia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Lengo lake ni kulinda maji, lakini faida yake nyingine ni kubwa: hakuna mtu anayeweza kuzungushia ua ukingo wa mto Ruvubu au wa mto Kagera akaanza kukata tiketi. Pamoja na hayo, maji yenyewe yanasogea mbali na watu. Biharamulo ilipokatwa ikazaliwa wilaya ya Chato, ambayo mwaka 2012 iliingia katika mkoa mpya wa Geita, sehemu kubwa ya mwambao wa Ziwa Victoria iliondoka pamoja nayo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 4,700, na Ziwa Burigi likiwa ndani yake. Ndani ya hifadhi ya taifa mtu hatupi ndoana bila kibali. Kwa hiyo anayetoka Biharamulo mjini kwenda kuvua Jumamosi anahesabu nauli ya bodaboda kabla ya kitu kingine chochote, na nauli hiyo inafuata bei ya petroli, ambayo mwaka 2022 ilivuka shilingi 3,000 kwa lita na serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Ughaibuni burudani hii imepandishwa bei na duka na mwenye ardhi. Nyumbani imepandishwa na umbali.

Wapo watakaosema kwamba ukiruhusu kila mtu kuvua bure samaki watakwisha. Hoja hii inastahili jibu la kweli, na jibu lenyewe liko katika mto wetu. Ningu, samaki aliyekuwa na heshima kubwa katika bonde la Kagera, ana tabia ya kutoka ziwani na kupanda mito wakati wa mvua ili akatage mayai kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Katikati ya karne iliyopita nyavu za kutega zilisimamishwa kwenye midomo ya mito, hasa majira hayohayo, zikawazoa wazazi wakiwa matumbo yamejaa mayai. Ningu akaporomoka, na mpaka leo hajarudi kuwa yule aliyekuwa. Aliyemmaliza hakuwa mtu mwenye ufito na nyungunyungu. Hali ni hiyohiyo katika Ziwa Victoria: Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, haikuendeshwa kwa sababu ya vijana wa ndoana moja ukingoni; ilisaka makokoro, nyavu za timba, nyavu za macho madogo na biashara ya sangara wachanga wasiofika sentimita 50. Ndoana humpata samaki mmoja kwa wakati mmoja, na mvuaji huchoka kabla mto haujachoka.

Hata hivyo sisemi kwamba ndoana haina madhara kabisa. Watu wengi wakikusanyika mahali pembamba wakati samaki anapanda kutaga, hata ndoana zitaumiza. Hapa ndipo kizuizi cha wakati kinapofaa. Katika mito ya Uingereza hairuhusiwi kuvua samaki wa kawaida wa maji baridi kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, msimu wao wa kutaga, na katazo hilo linamhusu mwenye fimbo ya bei mbaya na mwenye ya mtumba bila kubagua. Wafini nao, pamoja na ukarimu wao wote, hawaruhusu uvuvi wa bure kwenye maji ya kasi wanakopita samoni. Halmashauri ya Ngara ingeweza kufunga vijito vichache vinavyoingia Ruvubu na Kagera kwa wiki kadhaa za masika, ningu wanapopanda, bila kumtoza mtu hata senti. Wazee wa kando ya mto wanajua ni vijito vipi na ni wiki zipi. Kazi ya ofisa uvuvi ingekuwa kuwasikiliza na kuandika.

Swali gumu zaidi ni nani atakayewalipa hao maofisa ikiwa ndoana ni bure. Wamarekani walilijibu mwaka 1950 kwa sheria inayotenga kodi ya asilimia 10 inayotozwa kwenye vifaa vya uvuvi wa burudani huko huko vinakotengenezwa au kuingizwa nchini, na fedha hizo hugawiwa majimbo kwa ajili ya kutunza samaki na maji. Anayenunua vifaa vingi anachangia zaidi. Chini ya mfumo huo, jimbo kama Texas linaweza kumruhusu mtu kuvua ndani ya bustani zake za hifadhi bila leseni ya uvuvi, na katika baadhi ya bustani hizo akaazimwa fimbo na kuirudisha jioni. Kwetu mzigo huu tayari una mbebaji wake wa haki: mitumbwi, injini, nyavu na ushuru wa mialoni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimemlenga hasa mvuvi wa biashara, na ni sawa, kwa kuwa yeye ndiye anayetoa samaki kwa wingi na kupata faida. Kumwongezea mtoto wa Rusumo, kule Ngara, ada ya ufito hakutajenga hata choo cha ofisi ya uvuvi. Gharama ya kumfuata mtoni ni kubwa kuliko atakachotoa.

Wengine watauliza kama kweli kwetu kuna uvuvi wa burudani, maana mtu anavua ili apate kitoweo. Swali hili huchukulia kwamba raha na sufuria haviwezi kukaa pamoja, na ni wazo lililozoeleka zaidi kwenye picha za watalii wanaomnyanyua samaki, wakapiga picha, wakamrudisha majini. Ujerumani, sheria ya kulinda wanyama inataka mtu awe na sababu ya maana ya kumtesa au kumuua samaki, na sababu inayokubalika kwanza ni kumla. Kuvua kwa ajili ya raha tupu na kumwachia kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Kwa kipimo hicho, mtu wa Ngara anayetulia saa tatu akitazama boya lake, akasahau madeni, kisha akarudi na kambare wawili wa kubanika, anavua kwa burudani kamili. Kuhusu mamba na viboko wa Kagera sina ubishi: kuna kingo ambazo haifai mtu yeyote kukaa, na zinapaswa kutajwa kwa majina na kuwekewa alama kabla ya kuhamasisha mtu kwenda mtoni.

Ninachokiomba kinaingia katika kifungu kimoja cha sheria ndogo za halmashauri zote mbili, ya Ngara na ya Biharamulo: mkazi anayevua akiwa nchi kavu kwa fimbo isiyo na rili, ndoana moja na chambo cha asili, kwa matumizi ya nyumbani, hatatozwa ada wala kutakiwa leseni, nje ya maeneo na majira yaliyofungwa. Kama sheria ya juu inahitaji kurekebishwa kwanza, wabunge wa wilaya hizo wapo. Kwa upande wa hifadhi sidai Ziwa Burigi lifunguliwe ovyo. Nadai sehemu chache za ukingo zipangwe, na kibali cha mkazi kitozwe kwa shilingi na kwa kiwango ambacho mkulima wa migomba anaweza kukitoa mfukoni bila kuuza kuku. Nasi tulio mbali, tunapofikiria kufungasha fimbo za rili kama zawadi, tukumbuke kwamba rili ikikwama Biharamulo itabaki ukutani. Boksi la ndoana mia moja za ukubwa tofauti na mabunda kadhaa ya mshipi mzuri havijazi hata mfuko wa koti, na vinatosha vijana wa kitongoji kizima mpaka masika mengine.