Espresso nzuri inaanzia kihambani

Tuseme ukweli. Wewe na mwenza wako mmejibana miezi kadhaa, mmenunua mashine ya espresso, mkaiweka jikoni pale ambapo kila mgeni ataiona. Wiki ya kwanza kila mtu anataka kubonyeza kitufe. Wiki ya tatu mnakunywa kitu cheusi, kichungu kama mwarobaini, na hakuna anayethubutu kusema. Mwezi wa pili mashine imefunikwa kitambaa, na chai ya maziwa imerudi madarakani.

Usikonde. Mara nyingi mashine haina kosa. Espresso ni mashine kidogo, mikono kidogo, na sehemu kubwa iliyobaki ni kahawa yenyewe. Na kahawa yenyewe wenzetu wa Ulaya, Japani na Marekani wanaifuata kwetu kwa meli! Kwa hiyo mwezi huu ukurasa wa safari haukupeleki Zanzibar wala Ngorongoro. Tunapanda Uru, juu ya mji wa Moshi, kuutembelea mbuni nyumbani kwake. Mbuni mti, jamani, si yule ndege wa miguu mirefu.

Mji uliosomeshwa na kahawa

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kama kilomita 560 kwa barabara, yaani siku nzima ya kukaa kwenye kiti. Tuliondoka Ijumaa alfajiri, mimi na mume wangu, na kiti cha nyuma alikaa abiria wa tatu: mashine yetu ya espresso, imefungwa kwa khanga na kuvishwa mkanda. Mume wangu ni mhandisi. Wenzake wakienda likizo wanabeba nguo za kuogelea, yeye anabeba vifaa.

Moshi ni mji mdogo, msafi, usio na haraka. Asubuhi mlima unajitokeza kidogo, ukishashtukia unatazamwa unajifunika mawingu. Lakini ukitaka kuuelewa mji huu, acha mlima kwanza, fuata kahawa. Mbegu zililetwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wenyeji wakaunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jina lake bado liko kwenye jengo lake mjini. Bodi ya Kahawa makao yake yako hapa. Kule Lyamungo, upande wa Machame, utafiti wa kahawa unafanyika tangu mwaka 1934, na siku hizi taasisi ya TaCRI inazalisha miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyowatesa sana wakulima.

Ukiwa na rafiki Mchaga wa rika letu, muulize ada ya sekondari ya baba yake ilitoka wapi. Kuna uwezekano mkubwa jibu likawa neno moja.

Redio isiyosema

Jumamosi tukapanda Materuni, kama kilomita 15 kutoka mjini. Njia inapinda, hewa inapoa, migomba inakusogelea pande zote mbili. Wenyeji wetu ni mzee na mkewe, watu wa miaka sabini na kitu, wanaokaribisha wageni wanaotaka kuona kahawa ikitengenezwa.

“Shikamoo mzee. Shikamoo bibi.”

“Marahaba, karibuni wanangu. Mmefika na mizigo!”

Mume wangu akaomba umeme, akaweka mashine kwenye meza ya barazani, akaiwasha. Mashine nyingi za nyumbani zinahitaji dakika 15 hadi 20 zipate joto sawasawa, chuma chote, siyo maji tu. Taa ya kijani ikiwaka mapema usidanganyike: kama kile kishikio cha chujio bado ni cha baridi, kitanyang’anya maji joto lake, na kahawa itatoka chachu. Mzee akaizunguka mara mbili, akaitazama kwa makini.

“Hii redio mbona haisemi?”

Tukaiacha ipashe, tukaingia shambani.

Kihamba cha Kichaga si shamba la mistari iliyonyooka. Juu kuna miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba ndiyo mibuni, na chini kabisa magimbi na viazi. Maji yanapita kwenye mfongo uliochimbwa na watu waliokufa zamani. Mipaka ni majani ya isale, hakuna ukuta wala seng’enge. Ilikuwa Oktoba, katikati ya msimu, na matawi yalikuwa na matunda ya rangi zote: kijani, njano, mekundu. Bibi anachuma mekundu tu. Akanipa moja nilitafune. Ni tamu! Nyama yake nyembamba, inateleza, na ndani kuna punje mbili zimekumbatiana kama wachumba. Mara mojamoja inakuwamo moja tu, ya duara, na wafanyabiashara wanaitenga daraja lake.

Matunda yanamenywa siku ileile. Punje zinavundikwa mpaka ule utelezi uachie, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja siku kadhaa huku zinageuzwa na kuchaguliwa kwa mkono. Inayopatikana hapo ndiyo kahawa ya maganda. Bado kukobolewa, kupangwa madaraja, kukaangwa. Piga hesabu nami: kilo moja ya kahawa safi inahitaji kama kilo sita za matunda. Ile espresso mbili unayoivuta nyumbani kwa nusu dakika ni kazi ya matunda kama 70, na kila moja lilichumwa na vidole vya mtu.

Karibu na njia nikaona visiki. Vingi. Pembeni yake miche ya maparachichi kwenye vifuko vyeusi, inasubiri mvua.

“Hiyo nimeng’oa mwaka jana,” mzee akasema. “Kijana wangu yuko Dar, ananiambia baba, kahawa haina bei, weka parachichi. Na kweli, parachichi lisiponunuliwa nitalila. Kahawa nitaifanya nini?”

“Hunywi, mzee?”

“Nimeilima tangu sijaoa. Nzuri yote inakwenda. Inayobaki nyumbani ni makapi, hayo ndiyo tunachemsha wageni wakija. Mimi chai yangu inanitosha.”

Alipanga kung’oa iliyobaki baada ya mavuno. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia kubadili bati.

Barazani, mambo ni haya

Kahawa tuliyotumia bibi aliikaanga wiki moja kabla, ya daraja la kuuza, kwenye sufuria juu ya kuni, mpaka ikaanza kupasuka kama bisi. Hapa ndipo somo linapoanza, chukua kalamu.

Kwanza, tarehe. Usiulize kahawa imefungashwa lini, uliza imekaangwa lini. Iliyokaangwa jana ina hewa nyingi, itatoa povu jingi lisilo na adabu. Ya miezi sita imeshajifia. Wakati wake mzuri ni kati ya wiki moja na wiki nne hivi.

Pili, saga papo hapo. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu kizuri, nunua kinu chenye meno ya chuma, hata cha kuzungusha kwa mkono. Kile cha kisu kinachozunguka kama blenda kinakupa unga na mawe pamoja. Unaotaka ni unga laini kuliko chumvi ya mezani, lakini usifike unga wa ngano.

Tatu, pima. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Gramu 18 za kahawa kwenye chujio la vikombe viwili, sambaza sawa, kandamiza mara moja kwa mkono ulionyooka. Unga ukiinama upande, maji yatapitia kule kwepesi, na upande mwingine utabaki bure.

Nne, saa. Bonyeza na uanze kuhesabu. Unataka gramu 36 kikombeni ndani ya sekunde 25 hadi 30. Ikitoka mbio kwa sekunde 12, rangi imepauka, ladha chachu, saga laini zaidi. Ikidondoka tone moja moja mpaka sekunde 45 na kuwa chungu, saga nene zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Na usibabaishwe na boksi lililoandikwa baa 15. Espresso inahitaji mgandamizo wa kama baa 9 pale kwenye kahawa, na joto la maji kati ya nyuzi 90 na 96.

Wataliano waliihangaikia hii kwa muda mrefu. Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza ya mashine ya mvuke mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milano akaja na yake mwaka 1901. Ni baada ya vita kuu ya pili ndipo mashine za mkono wa chuma za Achille Gaggia zilipoleta ile krema ya dhahabu inayotuchanganya. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, Faema wakatoa E61 yenye pampu ya umeme. Pampu iliyo jikoni kwako ni mjukuu wa ile.

Kikombe cha kwanza siku zote ni cha kupimia. Kilitoka haraka, mgomba ukakinywa. Mume wangu akakaza kinu, nikashika saa. Cha pili: sekunde 27. Kikaanza kudondoka cheusi, kikawa kama asali, krema ikapanda. Baraza zima likanukia.

Bibi akanusa kwanza, kisha akampa mumewe. Mzee akanywa kidogo. Akanyamaza. Akanywa tena.

“Hii ni ya kwangu?”

“Ni ya kwako, mzee.”

“Ina kama limao ndani. Halafu utamu unakuja nyuma.”

“Ndiyo hiyo unayoing’oa,” bibi akasema, bila kumtazama.

Mzee akauliza kikombe kama hicho Dar kinauzwaje. Nikamtajia. Akauliza kilo moja iliyokaangwa inatoa vikombe vingapi hivyo. Mume wangu akamwambia, 55. Hapo alinyamaza muda mrefu zaidi kuliko alivyonyamazia ladha. Nasi hatukuwa na la kusema. Hesabu ile haina jibu la heshima.

Mwishoni akaweka kikombe chini. “Kule chini kwenye jua, parachichi. Huku juu ya mfongo...” Akamwangalia mkewe. “Huku juu tutaona.”

Bibi akaenda kuleta machalari. Kwa jinsi alivyotembea, nilielewa kwamba yeye ameshaona.

Robo saa ya wawili

Utaniuliza, haya yananihusu nini mimi mtu wa Mikocheni na foleni zangu? Yanakuhusu asubuhi. Kuna ndoa nyingi mjini ambazo watu wawili wanapishana mlangoni kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Espresso ya nyumbani inadai kusubiri mashine ipate moto, na katika kusubiri huko mtu husema jambo ambalo asingelisema kwa simu. Kwetu mmoja anasaga, mwingine anashika saa. Ikiharibika tunalaumu kinu. Ni robo saa tu, lakini ni yetu.

Onyo moja kwa wa Dar: usitie maji ya kisima. Mengi yana chumvi, yanaharibu ladha na kuijaza mashine magamba ndani. Tumia ya chupa yenye madini kidogo au yaliyochujwa vizuri. Na ukipenda krema nzito ya kibaa cha Napoli, changanya robusta ya Bukoba kidogo, sehemu moja kwa tisa za arabika ya mlimani.

Ukitaka kwenda

Msimu wa kuchuma Kilimanjaro ni kuanzia Julai hadi Desemba, kwa hiyo panga safari humo. Materuni unaweza kuunganisha na maporomoko ya maji, vaa viatu visivyoteleza. Beba sweta. Usiseme “mambo vipi” kwa wazee, shikamoo haijapitwa na wakati huko. Nunua kahawa kwa mtu aliyekuonyesha mti wake, lipa bila kupunguziwa, na umuulize tarehe ya kukaanga. Halafu rudi nyumbani, ondoa kile kitambaa juu ya mashine, na umwamshe mwenzako dakika 20 mapema kuliko kawaida. Atanuna siku ya kwanza. Siku ya pili atakuuliza kwa nini hujawasha.