Binti anataka kusomea ndege

Wamama wenzetu, binti yetu amepata diploma ya Serikali, anataka kusomea mambo ya ndege. Sisi wazazi tulipiga hesabu ya minervali tu. Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa 1971 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania. Wanafundisha kwa Kiingereza. ISTA ya Kinshasa ni Kifaransa, na shangazi yake yuko kule. Tiketi ya ndege kutoka Kindu peke yake inakula mpunga wa msimu mzima!

Binti akauliza: “Soroti nitacheka na nani? Nikiugua, nani atajua?” Tukanyamaza. Tumechagua Kinshasa. Sasa shangazi anasema: masomo, nyumba, basi, marafiki hapana. Tungali tunabishana naye kwa simu.