Wote kwa Gari: Adabu ya Mgeni Barabarani

Mwezi wa Disemba, maembe yanapoanza kuiva Ukambani na skuli zikiwa zimefungwa, familia nyingi za Pwani hupata sababu ya kwenda bara. Wengine wana mtoto aliyeajiriwa katika ofisi za kaunti, wengine wamealikwa harusi, wengine wana mgonjwa wa kumzuru. Mji wa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, umezidi kuvuta wageni tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Si ajabu basi kwamba wazazi huulizana: je, mtu aliyezoea kuendesha gari kati ya nyumbani, sokoni na skuli atafika huko salama? Na akifika, gari lake ataliweka wapi?

Woga wa namna hii hauna aibu. Watu wa Malindi wamewazoea Waitaliano kwa miongo mingi, na baadhi ya jamaa zetu wamepata kuizuru Italia. Waliowahi kushika usukani huko husimulia jinsi miji kama Florence na Siena inavyomtoa dereva mgeni jasho. Katikati ya miji hiyo ya kale kuna maeneo yasiyoruhusu gari lisilo na kibali. Kamera husoma nambari ya gari linapopita, wala hakuna askari wa kumwonya mtu. Mgeni hurudi kwao akidhani mambo yalikwenda vyema, kisha baada ya miezi humfikia barua ya faini. Hata maegesho yana rangi zake: kwa kawaida mistari ya buluu ni ya kulipia, myeupe ni ya bure, na ya manjano imetengewa watu maalumu. Aliyejifunza rangi hizo mapema hupunguza hofu kwa nusu.

Wote haimtegi mgeni kwa kamera wala kwa rangi. Sehemu kubwa ya sheria za pale zimo vichwani mwa wenyeji, na mgeni hawezi kuzijua ila kwa kuuliza. Lakini kabla ya kufika mjini kuna safari yenyewe.

Kutoka Mombasa, barabara kuu ya Nairobi hupita Mariakani, Voi, Mtito Andei na Kibwezi hata kufika Makindu, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Malori hufuatana mchana kutwa. Baada ya Voi njia hupita kati ya mbuga mbili za Tsavo, na huonekana ndovu wakisimama si mbali na lami. Dereva mwenye wasiwasi na aondoke mara baada ya swala ya Alfajiri, apumzike Voi, apumzike tena Mtito Andei, na aazimie kufika kabla ya Magharibi. Usiku lori lililoharibika likaachwa bila taa, au punda aliyepotea njia, huonekana wakati breki haifai tena. Wala asishindane na wanaompigia honi nyuma. Kulipita lori mlimani ili kuokoa dakika tano ni biashara ya hasara.

Makindu ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu. Wengi wanalijua hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, ambalo huwakirimu wasafiri wa dini zote chakula bila malipo. Hapo Makindu ndipo pa kuiacha barabara kuu, na kona hiyo yataka subira. Kwa anayetoka Pwani, njia ya Wote iko mkono wa kulia, kwa hiyo ni lazima kuukata mkondo wa magari yanayoteremka kutoka Nairobi. Washa taa ya ishara mapema, simama karibu na mstari wa kati, na magurudumu yaelekee mbele mpaka nafasi ipatikane. Ukiyapinda kabla ya wakati, gari likigongwa nyuma litasukumwa moja kwa moja mbele ya lori.

Kutoka hapo ni takriban kilomita 70 za lami nyembamba na tulivu. Mito ya mchanga hukatiza chini ya madaraja, mashamba ya matuta hupanda vilimani, na mlima Nzaui husimama kama mzee anayehesabu wapitao. Utulivu huo ndio wenye hatari yake, kwani baada ya vishindo vya malori dereva hulegea. Mbuzi huvuka bila taarifa. Watoto hutembea ukingoni na madumu ya maji. Penye maduka mawili matatu pana matuta ya barabarani, mengine bila rangi. Ukiona nyumba zinasongamana, punguza mwendo. Tuta haliko mbali.

Mji wa Wote si mkubwa. Una ofisi za kaunti, mahakama, benki, soko na hospitali kuu ya rufaa ya Makueni. Kinachomtatiza mgeni ni kwamba mambo yote hayo hukutania katika njia chache. Boda boda hutokea ubavuni, matatu husimama ghafla, na mkokoteni wa maji huwa na haki sawa na gari lako. Siku ya soko, bidhaa hutandazwa chini hadi ukingoni mwa njia.

Tulipokwenda mwaka jana, mimi nikiwa dereva, shangazi yangu kando na watoto nyuma, tulifika adhuhuri. Niliona nafasi pana mbele ya duka, tupu kabisa, wakati pengine pote pamejaa. Nafasi kama hiyo katika mji mgeni huwa ina sababu. Nilisimama pembeni, nikashusha kioo, nikamsalimu kijana wa boda boda kwa maneno machache ya Kikamba niliyofundishwa: "Wi museo?"

Akacheka kwa furaha, akajibu, kisha akaingia Kiswahili. "Mama, pale usiweke. Kuna nyanya huja na maembe yake saa saba. Ni mahali pake tangu zamani. Njoo huku nyuma ya duka, kuna kivuli, na mimi niko hapa."

"Ahsante, mwanangu. Na malipo ya kaunti?"

"Watakuja wenyewe, mama. Lipa, lakini uombe risiti."

Haikupita nusu saa, bibi yule akaja na ndoo zake mbili. Hakuna kibao wala mstari uliomtengea mahali pale, na askari asingemwadhibu mtu aliyeegesha hapo. Lakini riziki yake ya siku nzima ingekuwa chini ya magurudumu ya mgeni. Shangazi alinunua maembe kwake, akamwambia, "Ni muvea," yaani ahsante, na bibi akaongeza mawili kwa ajili ya watoto.

Kuhusu malipo, yafaa kujua kwamba Katiba ya mwaka wa 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kusimamia maegesho. Risiti ya Mombasa haikufai kitu Makueni. Muulize mwenye duka ada ni kiasi gani, mwombe anayetoza akuonyeshe kitambulisho chake, na uihifadhi risiti mpaka utoke mjini. Ukiambiwa umekosea, omba maelezo kwa upole na ulipe panapostahili. Usikubali kumaliza jambo kwa noti iliyokunjwa, kwa maana watoto walio kiti cha nyuma wanatazama. Na karibu na hospitali, usizibe lango hata kwa dakika moja.

Mambo haya si madogo. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba kila mwaka tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wamefariki katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Gari lililoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu humlazimisha mtoto kushuka barabarani. Gari lililo konani humzuia bodaboda kumwona mama anayevuka. Mwenye gari huwa keshaingia dukani, wala hajui kilichotokea nyuma yake.

Kwa hiyo, msomaji, ukiogopa kwenda, nenda. Hofu inayokufanya upunguze mwendo, usimame, ushushe kioo na uulize ni hofu yenye manufaa, na wenyeji huipokea kama heshima. Siku ya kurudi, kagua upepo wa magurudumu na jaza mafuta mjini. Kabla ya kuwasha gari uzunguke nyuma yake kwa miguu, maana mahali palipokuwa patupu asubuhi huenda sasa pameketi mtu na mali yake. Tukijaaliwa uhai, tutakwenda tena msimu wa maembe.