Kumtafuta Mtunzi kwa Tahajia Yake

Kamusi na mtambo wa kutafutia mtandaoni ni watumishi wawili wenye tabia zinazopingana. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa, nasi tukaja kuwafundisha wanafunzi wetu, kwamba neno halitafutwi kamusini likiwa na mavazi yake yote. "Wasingalipendana" huvuliwa viambishi kimoja baada ya kingine mpaka libaki "penda", ndipo ukurasa ufunguliwe. Mtambo hutaka kinyume chake. Ukiuandikia "penda" ilhali shairi unalolitafuta lina "wasingalipendana", yawezekana usiletewe shairi hilo kabisa. Neno la Kiingereza hubadilika zaidi mkiani, na mitambo hii imezoezwa kwa miaka mingi kulitambua hata likibadilika. Neno letu hubadilika kichwani, kiwiliwilini na mkiani pia.

Tangu nistaafu kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, nimekuwa nikiutumia mtambo huo kutafuta mashairi ya zamani. Naona vema niwagawie washairi na wapenzi wa lugha yale yaliyonifaa, maana katika kazi yetu utafutaji duni unaweza kumnyang'anya mtu jina lake.

Tuanze na jambo jepesi. Istilahi zetu za ushairi tumeshirikiana na soko na barabara. Andika "beti" peke yake, utaletewa michezo ya kubahatisha. "Mizani" italeta vyombo vya kupimia uzito, "bahari" italeta meli na samaki, na "kituo" kitaleta polisi na mabasi. Dawa ni kulipa neno mwenzi wake wa fani: "mizani" iandamane na "mshororo", "bahari" na "utenzi", "kituo" na "kibwagizo". Yakiendelea kuja usiyoyataka, weka alama ya kutoa mbele ya neno linaloyaleta, pasipo nafasi kati yake, nalo litaachwa nje. Maneno yanayopaswa kufuatana yafunge ndani ya alama za kunukuu. Na ukijua shairi limo katika tovuti fulani, andika site, kisha nukta mbili, kisha anwani ya tovuti hiyo, ili mtambo usitangetange kwingine.

Hayo hujifunzwa kwa nusu saa. Linalohitaji elimu ya lugha ni lile la tahajia, nalo nitalieleza kwa kisa.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu mwenzangu mkoani Tanga, alirithi daftari la marehemu bibi yake, mzaliwa wa Mombasa. Ndani yake mlikuwa na mashairi ya arusi na ya mawaidha yaliyonakiliwa kwa mkono. Alikusudia kuyachapisha, akayapiga chapa yote, na chini ya shairi refu kuliko yote akaandika: "Mtunzi hajulikani." Aliniletea mswada niupitie. Nilipomuuliza amejuaje kwamba mtunzi hajulikani, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, nimetafuta siku mbili mtandaoni. Halipo."

Nilimwomba daftari lenyewe. Bibi alikuwa ameandika "mato", mjukuu akachapa "macho". Bibi aliandika "nti", mjukuu "nchi". "Mtanga" ukawa "mchanga", na "tini" ikawa "chini". Alikuwa amemsanifishia bibi yake Kimvita chote, kwa nia njema kabisa ya kuwarahisishia wasomaji, kisha akautuma mtambo ukatafute maneno ambayo mtunzi hakuyatamka kamwe.

Tulirudi kwenye maneno ya daftari. Mshororo mzima ndani ya alama za kunukuu haukuleta kitu, na hilo halikunishangaza, kwa kuwa shairi lililopita vinywani hubadilika neno hapa na neno pale. Ubadilikaji wa neno moja tu huivunja nukuu yote. Tukapunguza. Tulichagua maneno matatu yanayofuatana, tukihakikisha kwamba mojawapo ni la nadra, kisha tukayajaribu kwa sura zote tulizoweza kuzifikiria: yenye "t" na yenye "ch", yenye "nd" na yenye "nj", yaliyoungana na yaliyotengana. Katika vitabu vya zamani "kwa sababu" huweza kuwa neno moja, na "nalipokwenda" hushika nafasi ya "nilipokwenda".

Jioni ya siku ya pili lilitokea katika nakala ya kitabu cha zamani kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Beti nne kati ya saba zililingana na za daftari karibu neno kwa neno. Daftari lilikuwa limechanika mwishoni, lakini kitabu kilikuwa na ubeti wa kaditama, na ndani ya ubeti huo mtunzi alikuwa amejitaja kwa jina na kwa mji wake, kama walivyozoea kufanya watunzi wengi wa kale. Sitalitaja jina hilo hapa, kwa sababu mwalimu mwenzangu bado anashauriana na ukoo wake kuhusu uchapishaji. Nitasema tu kwamba mtu aliyetia sahihi yake ndani ya vina, ili isibanduke, alikuwa amebakiza wiki chache kabla hajachapishwa kuwa mtu asiyejulikana.

Ndiyo sababu nasisitiza majina na tahajia. Hata jina la lugha yetu halikuandikwa kwa namna moja. Steere, katika kitabu chake cha sarufi cha 1870, aliandika Swahili. Kamusi ya Krapf ya 1882 ina Suahili. Wajerumani, akiwemo Büttner katika diwani yake ya 1894, waliandika Suaheli. Anayetafuta kwa umbo moja huifungua rafu moja na kuziacha nyingine zimefungwa. Kadhalika na tungo. Utenzi wa Mwengo, ambao una mswada wenye tarehe ya 1728, huitwa Utendi wa Tambuka na pia Chuo cha Herekali. Anayelijua jina moja tu atapata nusu ya yale yaliyoandikwa juu yake.

Tukumbuke pia kwamba miswada yetu mingi imeandikwa kwa hati za Kiarabu, na mingine imehifadhiwa mbali na pwani ilikotungwa. Ipo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ipo katika chuo cha SOAS mjini London. Ukurasa uliopigwa picha tu, bila maneno yake kunakiliwa kwa maandishi ya kompyuta, ni mgumu kuonwa na mtambo. Mara nyingi kinachoonwa ni maelezo ya mkutubi, nayo aghalabu ni ya Kiingereza. Kwa hiyo tafuta kwa maneno ambayo mkutubi angeyatumia: jina la mkusanyaji, jina la mji, mwaka, na neno la Kiingereza la "mswada" au "shairi". Ukiishapata orodha, ingia ndani ya maktaba yenyewe na uendelee kutafuta humo, kwa sababu mtambo wa nje hauoni kila kilichomo ndani.

Baada ya yote hayo utafika mahali ambapo hakuna kinachokuja. Hapo ndipo naomba tuwe waangalifu na kauli zetu. "Sijalipata" ni kauli ya mtafutaji mwaminifu. "Halipo" ni hukumu, na mtambo haujapewa uhakimu. Wapo wazee wenye mashairi vifuani ambayo hayajawahi kuguswa na wino, na kuna madaftari sandukuni yasiyojulikana na maktaba yoyote. Baada ya kutafuta kwa vidole, tutafute kwa miguu na kwa maamkizi.

Na kila mwenye daftari kama lile la Tanga, nina ombi kwake. Atakapoliweka mtandaoni, asiweke picha peke yake. Ayachape maneno kama yalivyoandikwa, mato yabaki mato; usanifishaji na ufafanuzi vikae chini yake. Aandike jina la mtunzi kwa kila sura anayoijua, na jina la mji, na la aliyelinakili. Kuna mtu ambaye hatujamzaa bado atakayeamka siku moja na maneno matatu ya nyanya yake kichwani, ayaandike, asubiri. Tumwekee kitu cha kukuta.